Barua za Wasomaji: Soma Hati Kabla ya Kufunga Mlango

Sehemu kubwa ya barua za safari hii imetoka kwa vijana waliomaliza mafunzo Luzira na kupangiwa vituo vyao vya kwanza katika Magereza ya Uganda. Gwaride wanalijua, na kuhesabu wafungwa asubuhi na jioni wamekwisha kuzoea, lakini wengi wanasema hawaielewi vizuri safari ya mtu mzima kutoka mikononi mwa polisi hadi kwenye geti wanalolilinda. Tumeamua kuwajibu kwa urefu, kwa kuwa askari asiyeielewa safari hiyo anaweza kumnyima mtu haki yake bila hata kuinua mkono. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Afande mshauri, nimepangiwa gereza lililo karibu na Gulu. Watu wa kwetu wananiuliza kwa nini nawafunga ndugu zao, na mimi mwenyewe siwezi kutenganisha kazi ya polisi, ya mwendesha mashtaka, ya hakimu na yangu. Naomba uanze mwanzo kabisa. (Askari mpya, Gulu)

JIBU: Kijana wangu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Kazi ya jinai imegawanywa na Katiba ya 1995 kwa makusudi, ili chombo kimoja kisiwe na uwezo wa kumkamata mtu, kumshtaki, kumhukumu na kumfunga. Polisi, ambao wametajwa katika ibara ya 212, hupokea malalamiko, hupeleleza na kukamata. Mtu waliyemkamata ni lazima afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 48 kupita tangu alipokamatwa. Katiba haikusema kwamba Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Baada ya hapo faili huwa mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye ofisi yake imewekwa na ibara ya 120 na ambaye hapaswi kuelekezwa na mtu yeyote katika uamuzi wa kushtaki, kuichukua kesi iliyoanzishwa na mwingine au kuiondoa.

Mahakama nazo zina ngazi zake. Hakimu wa daraja la pili anaweza kufunga hadi miaka 3, hakimu wa daraja la kwanza hadi miaka 10, na hakimu mkuu anaweza kusikiliza makosa yote isipokuwa yale ambayo adhabu yake ya juu kabisa ni kifo. Mauaji, uhaini, ubakaji na unyang'anyi wa kutumia silaha huenda Mahakama Kuu, na juu yake ipo Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama ya Juu. Si kila anayepatikana na hatia huletwa kwako: tangu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2000, mtu aliyetenda kosa dogo, yaani lisilozidi kifungo cha miaka 2, anaweza kuamriwa afanye kazi ya kuwafaa watu wa eneo lake kwa muda usiozidi miezi 6, akilala nyumbani kwake.

Wewe unaingia baada ya hayo yote. Idara yetu imetajwa katika ibara ya 215 na inaongozwa na Sheria ya Magereza ya 2006, ile iliyoyaunganisha magereza ya serikali za mitaa na yale ya serikali kuu. Unampokea mtu kwa amri ya mahakama, unamtunza akiwa salama, unamfikisha mahakamani siku anayotakiwa, na unamwachilia siku amri inapokwisha. Jirani zako wakikuuliza kwa nini umemfunga ndugu yao, waeleze kwamba aliyemfunga ni mahakama, kisha waeleze ni mahakama ipi na kesi yake imefikia wapi. Jibu hilo litawasaidia zaidi kuliko ukali.

SWALI: Katika kituo chetu kuna mahabusu anayeshtakiwa kwa mauaji, na amekaa zaidi ya miaka miwili. Kila nikipita ananiambia kwamba Katiba imetaja siku 180, kwa hiyo mimi ndiye ninayemzuia kinyume cha sheria. Tena asubuhi yeye na wenzake hutolewa kwenda kulima. Nimwambie nini? (Masindi)

JIBU: Mahabusu huyo ameshika sehemu ya ibara ya 23, na ni wajibu wako kumsaidia kuimaliza, kwa heshima. Katiba ilirekebishwa 2005 na muda ukapunguzwa. Ikiwa kosa linaweza kusikilizwa na Mahakama Kuu na pia na mahakama ya chini yake, na mshtakiwa amekaa rumande siku 60 kabla kesi haijaanza kusikilizwa, mahakama ni lazima imwachilie kwa dhamana yenye masharti yanayofaa. Ikiwa kosa ni la Mahakama Kuu peke yake, muda huo ni siku 180, lakini hizo huhesabiwa kabla hakimu hajaikabidhi kesi kwa Mahakama Kuu. Kesi ikishakabidhiwa, hesabu ya siku 180 haifanyi kazi tena, na mshtakiwa hubaki akisubiri kikao cha Mahakama Kuu, ambacho hutegemea fedha, majaji na ratiba. Hapa ndipo ninapoona jeraha kubwa kuliko yote katika mfumo wetu wa haki: mtu ambaye sheria inamhesabu kuwa hana hatia anaweza kuzeeka rumande bila shahidi hata mmoja kusikilizwa.

Kwa hiyo la kwanza ni kutafuta jibu la swali moja katika faili lake: kesi imekabidhiwa Mahakama Kuu au bado? Kama imekabidhiwa, bado anaweza kuomba dhamana, ila ni jaji atakayepima kama anastahili. Kama bado na siku 180 zimepita, anayo haki ya dhamana, lakini geti halifunguliwi na askari. Linafunguliwa na amri ya mahakama. Unachoweza kufanya, na ambacho ni kazi yako hasa, ni kumpelekea mkuu wa gereza jina lake, namba ya kesi na tarehe aliyoingia, ili aingizwe katika orodha inayowasilishwa kwa hakimu mkuu na kwa majaji wanaotembelea magereza. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda nayo ina mamlaka ya kikatiba ya kuingia na kukagua mahali popote watu wanapozuiliwa, na orodha iliyo safi huwarahisishia kazi. Nimeona pia kwamba wengi hupewa dhamana wakabaki ndani kwa sababu ndugu zao hawajui wako wapi na hakuna wa kuwadhamini. Ofisa wa ustawi akipiga simu moja nyumbani, mtu anaweza kutoka.

Kuhusu shamba, hapo mahabusu wako ana hoja nzito. Ibara ya 25 inakataza kazi ya kulazimishwa, na kazi inayoruhusiwa gerezani ni ile inayotokana na hukumu au amri ya mahakama, pamoja na ile inayohitajika kwa kiasi kwa ajili ya usafi na utunzaji wa mahali pa kuzuiliwa. Mahabusu hajahukumiwa. Kufagia bweni analolala ni sawa; kumpeleka kulima shamba la gereza kwa lazima si sawa, na kulima shamba la mtu binafsi ni vibaya zaidi. Ukipewa orodha ya gengi, yaani kikundi cha wafungwa wanaotoka kwenda kazini, asubuhi, litafute jina lake, na ukilikuta mwambie msimamizi wako mapema kabla gengi halijatoka.

Neno moja zaidi, kwa kuwa msongamano hutushawishi. Tangu 2016 tunazo kanuni za makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa na upande wa mashtaka hukubaliana na mahakama ikathibitisha. Ni njia nzuri kwa anayejua alichofanya na aliyepata ushauri wa wakili. Askari asimshinikize mtu akiri ili bweni lipungue.

SWALI: Naomba unieleze jinsi ya kusoma hati, ile karatasi ya mahakama inayomleta mtu gerezani, na kuhesabu tarehe ya kutoka. Wakubwa wananiambia nitazoea, lakini naogopa kumwachilia mtu ambaye hapaswi kutoka. (Mbarara)

JIBU: Hofu yako ni ya haki, ila uwe na hofu kama hiyohiyo juu ya kumbakiza ndani mtu ambaye siku yake imefika, kwa kuwa ibara ya 23 inampa fidia aliyezuiliwa kinyume cha sheria.

Ishike hati mkononi. Juu utaona jina la mahakama na namba ya kesi. Kisha jina la mtu, kosa, na amri yenyewe: ni ya rumande hadi tarehe fulani, au ni ya kifungo cha muda fulani kuanzia siku fulani. Chini kabisa ipo sahihi ya hakimu au jaji na muhuri wa mahakama. Pasipo hati usimpokee mtu, hata kama polisi waliomleta ni rafiki zako na jua linazama. Muulize mtu mwenyewe jina lake na la baba yake, mahali alikotoka na kosa analoshtakiwa, kabla ya kumsomea yaliyoandikwa, ili majibu yawe yake. Huku kaskazini na mashariki, akina Okello watatu katika bweni moja si ajabu. Fedha, simu na viatu vyake viandikwe mbele yake naye atie sahihi. Mtu wa afya amwone, na jeraha lolote alilokuja nalo liandikwe siku hiyohiyo, kwa usalama wake na wako.

Amri ya kuachiliwa ikija, rudi kwenye faili uone kama kuna hati nyingine inayomshikilia. Mtu anaweza kuwa na kesi ya wizi aliyoachiliwa na nyingine ya kujeruhi ambayo bado inaendelea. Vilevile namba ya kesi iliyo kwenye amri ilingane na ile iliyo kwenye hati yake. Usitosheke na jina.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Tuseme jaji ametamka miaka 15, akaondoa miaka 3 ambayo mtu alikaa rumande, akabakiza 12. Katiba inataka muda wa rumande uzingatiwe, na 2017 Mahakama ya Juu ilielekeza kwamba uondolewe kwa hesabu kamili na si kwa kukisia. Hati itasema miaka 12. Kwa Sheria ya Magereza, mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja anaweza kupata msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake kwa bidii na mwenendo mwema. Theluthi ya 12 ni 4, kwa hiyo akihifadhi mwenendo wake atatoka baada ya miaka 8 tangu tarehe iliyo kwenye hati. Msamaha huo unaweza kupotea kwa makosa ya nidhamu yaliyosikilizwa kwa utaratibu, wala haupotei kwa hasira ya askari wa zamu. Kama mfungwa anasisitiza kwamba alisikia 12 na hati inasema 15, usimkemee na usiisahihishe kwa kalamu yako. Mkuu wa gereza aiandikie mahakama. Kifungo cha maisha usikihesabu peke yako kabisa, kwa kuwa 2011 Mahakama ya Juu iliamua kwamba maana yake ni maisha yote ya mtu, na tarehe zake hushughulikiwa na makao makuu.

SWALI: Ameletwa kijana ambaye hati inasema ana miaka 19. Yeye analia na kusema ana 16. Wenzangu wanasema wote husema hivyo. (Arua)

JIBU: Wengine husema hivyo kwa uongo, na wengine husema kweli, na huwezi kuwatofautisha kwa kutazama ndevu. Sheria ya Watoto inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na hairuhusu awekwe pamoja na watu wazima. Kesi yake ina mahakama yake na mahali pake pa kukaa, kama vile nyumba za mahabusu za watoto na kituo cha Kampiringisa. Chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa kwa jinai. Umri kwenye hati mara nyingi ulitajwa kituo cha polisi, pengine na kijana mwenyewe akiwa na hofu, pengine na ofisa aliyekadiria.

Mtenge na watu wazima usiku huohuo, hata ikibidi alale karibu na ofisi. Mwulize shule aliyosoma na darasa aliloachia, mahali alikobatizwa au msikiti wa kwao, na ni nani anayeweza kuleta kadi ya chanjo au cheti cha kuzaliwa. Yaandike, umpe mkuu wa gereza, naye aijulishe mahakama iliyotoa hati na ofisa ustawi wa wilaya. Kuamua umri ni kazi ya mahakama kwa ushahidi, na kazi yako ni kuhakikisha kwamba mahakama inajua kuna swali.

SWALI: Tunaye mzee aliyefungwa kwa deni la mfanyabiashara. Je, yeye pia ni mhalifu? (Jinja)

JIBU: Hapana. Huyo ni mfungwa wa madai, aliyeletwa kwa amri ya mahakama ya madai kwa muda usiozidi miezi 6, na hakuna kosa la jinai alilotiwa hatiani. Asichanganywe na waliohukumiwa, na akilipa au mdai wake akikubali, mahakama huamuru atoke.

SWALI: Bwenini kwetu katikiro, mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wenzake, ndiye anayewachapa wanaokosa, na askari wakubwa wanasema ndiyo njia ya kutawala watu wengi tukiwa wachache. Nikikataa nitaonekana mwoga. (Fort Portal)

JIBU: Mwanangu, ukikataa utakuwa umeifuata sheria. Nyapara, ambaye katika magereza mengi ya huku kwetu huitwa katikiro, anaweza kusaidia kupanga usafi, kugawa chakula na kuleta malalamiko ya wenzake. Kuadhibu si kazi yake. Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha 2015 baada ya kurekebisha zile za 1955, zinakataza mfungwa kupewa madaraka ya nidhamu juu ya mwenzake. Najua uchache wenu ni wa kweli, na kwamba usiku askari wawili wanaweza kuwa na mamia ya watu nyuma ya milango. Lakini bweni linalotawaliwa kwa fimbo ya katikiro linamtii katikiro, na siku atakapowachochea, ninyi ndio mtakaokuwa mmebaki bila amri.

Kiboko hakimo tena katika adhabu zetu, si kwa mkono wako wala kwa mkono wa mfungwa. Ibara ya 24 inakataza mateso na adhabu ya kudhalilisha, ibara ya 44 inasema haki hiyo haipunguzwi kwa hali yoyote, na Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2012 inambebesha mtesaji mwenyewe kosa, kwa adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 15, na hata cha maisha mateso yakiwa mabaya zaidi. Sheria hiyo haikubali utetezi wa kusema kwamba uliamriwa na mkubwa wako. Anayekosa gerezani anaandikiwa kosa lake, anaelezwa, anasikilizwa na ofisa mwenye mamlaka, na adhabu inayotolewa inaingizwa katika kitabu. Anza na hilo katika zamu yako mwenyewe: andika kosa na uliwasilishe asubuhi.

SWALI: Mimi ni askari wa kike. Nimempokea mama mwenye mtoto mchanga, amehukumiwa juzi, na mahakama ilizungumza Kiingereza ambacho hakielewi. Ananiuliza kama ndiyo mwisho. Pia wapo wafungwa waliohukumiwa kifo, na sijui niwaambie nini. (Luzira)

JIBU: Dada yangu, nianze na waliohukumiwa kifo. Adhabu hiyo bado imo katika sheria, na raia wa mwisho kunyongwa Luzira walinyongwa 1999. Mnamo Januari 2009 Mahakama ya Juu, katika shauri la Susan Kigula na wenzake 417, iliamua kwamba jaji hawezi kulazimishwa na sheria kutoa adhabu ya kifo bila kupima mazingira ya kesi, na kwamba mtu aliyekaa zaidi ya miaka 3 baada ya rufaa yake ya mwisho kuthibitishwa bila kunyongwa, adhabu yake hugeuka kifungo cha maisha. Wengi walirudishwa Mahakama Kuu kuhukumiwa upya. Kigula mwenyewe, aliyesoma sheria akiwa gerezani, alitoka 2016. Pia ipo kamati ya kumshauri Rais kuhusu msamaha chini ya ibara ya 121. Waeleze hatua zilizobaki, na usiwaahidi lolote.

Mama huyo naye ana haki ya kukaa na mtoto wake hadi mtoto afikishe miezi 18, na mahitaji ya mtoto ni jukumu la gereza. Kuhusu hukumu, mweleze usiku wa leo, kwa lugha anayoielewa. Kama huijui lugha yake, mtafute askari mwenzako anayeijua. Kiswahili kitakusaidia kwa wengi, lakini mama wa Karamoja anaweza asijue neno hata moja. Kila aliyehukumiwa anapaswa kujua kwamba notisi ya rufaa ni lazima ifike katika siku 14 tangu hukumu. Kwa kuwa amehukumiwa juzi, bado kuna muda, ingawa si wa kuchezea. Hahitaji kuwa na wakili ili aanze. Anaweza kuitoa notisi yake kupitia kwa mkuu wa gereza, naye anawajibika kuifikisha mahakamani. Kama hawezi kuandika, aandikiwe maneno yake mwenyewe na atie dole gumba. Isomeni pamoja, andikeni tarehe na saa katika rejista, na hakikisha karatasi inaondoka na gari la kesho la mahakamani.